Mwanga Umepimiwa Uso wa Nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa, natengeneza filamu fupi kwa simu pamoja na wenzangu watatu. Hadithi ni ya kijana mweusi anayekwenda hoteli moja ya ufuoni kumpelekea dadake chakula kutoka nyumbani. Dada anafanya kazi jikoni. Getini anazuiwa, anahojiwa, anasubirishwa juani, huku watalii wa Kizungu wakipita bila kuulizwa neno. Sitaki mtu yeyote atamke neno 'ubaguzi' katika filamu hii, nataka picha yenyewe iseme. Mwenzangu anasema tukiingia kwenye programu ya kuhariri tupake kila kitu wekundu, kwa sababu nyekundu ni rangi ya hasira, halafu mwisho tugeuze kuwa buluu ya huzuni. Ndivyo filamu kubwa zinavyofanya? Kamera na rangi huonyeshaje uhasama kati ya watu wa rangi tofauti?"

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa kuanza na simu mliyo nayo.

Kwa mwenzako jibu ni hapana, au angalau si hivyo. Siikatai nyekundu. Ninachokataa ni kuipaka juu ya picha iliyokwisha kupigwa. Rangi ni swali la tatu. Yako mawili yanayolitangulia, na filamu nyingi za ubaguzi huanguka hapo: mwanga umepimiwa uso wa nani, na fremu, yaani ile nafasi ya ndani ya picha, kapewa nani. Mkiyajibu hayo mkiwa palepale getini, rangi nayo itajua pa kukaa.

Mimi niliyajua kwa kukosea. Nilianza kazi hii kwa kupiga video za harusi. Wajua mambo ya Mombasa: kupamba, ile sherehe ya kumpamba bi harusi, ni shughuli ya wanawake peke yao, hivyo mpiga video sharti awe mwanamke, na miaka hiyo ya kanda tulikuwa wachache. Usiku mmoja nilipiga harusi ya familia ambayo, kama familia nyingi za pwani, ilikuwa na rangi zote ndani ya nyumba moja, mweupe, maji ya kunde, mweusi tititi. Bi harusi alikuwa mweupe, kisha kapakwa poda, kavaa nguo ya krimu, na taa mbili kali zimemwelekea. Kando yake ameketi bibi yake mzaa mama, mweusi wa kung'aa, miwani usoni, kajifunika leso ya kisutu. Nikapima mwanga kwenye shavu la bi harusi hadi nikahakikisha poda ile haiungui, yaani haigeuki weupe mtupu kwenye picha, nikapiga usiku kucha bila kugusa tena kipimo. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Baada ya wiki mbili mama yake bi harusi alikaa nami kuitazama kanda. Alitazama kimya muda mrefu. Kisha akauliza, bila ukali wowote: "Na mama yangu yuko wapi?"

Alikuwamo katika kila fremu. Leso ilionekana, nyekundu yake imetoka vizuri. Miwani ilionekana kwa kumetameta. Uso haukuwamo. Yule bibi hakumaliza mwaka, Mungu amrehemu, na ile ndiyo video ya mwisho waliyokuwa nayo.

Sikuwa na chuki naye hata chembe, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kamera haijui mtu. Kipimo chake cha mwanga kimewekwa kikiamini kwamba kila kinachokiona, ukikichanganya chote pamoja, ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaokipiga. Ngozi ya Mzungu hurudisha karibu mara mbili ya hapo. Ngozi nyeusi sana hurudisha nusu yake, pengine pungufu. Wasimamishe wawili hawa bega kwa bega mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa saba za mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inajifumba ili usiungue, na hapohapo imeshachagua. Mmoja anatoka na sura yake kamili, na mwingine anabaki umbo la mtu lenye macho. Umeziona picha hizo magazetini tangu utoto wako, nami nimeziona tangu wangu.

Wala usidhani ni maumbile ya mwanga peke yake. Maabara za kusafisha picha huko Marekani, kuanzia miaka ya 1950, zilipewa na Kodak kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu iwe kielelezo cha rangi sahihi. Ikaitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi alilinganisha: ngozi ya Shirley ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Wazazi waliokuwa na picha za darasa zenye watoto weupe na weusi pamoja waliona wenyewe matokeo yake. Ukichunguza kwa nini mkanda wa picha wa Kodak hatimaye ulirekebishwa uweze kubeba kahawia za kila namna, utakuta msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri kwenye matangazo. Kahawia ya kabati ilisikilizwa kabla ya kahawia ya mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Ufaransa, alialikwa hapa jirani, Msumbiji, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imejikomboa, kusaidia kufikiria televisheni yake. Akakataa kutumia mkanda wa Kodak, akisema mkanda wenyewe una ubaguzi.

Na huko Afrika Kusini, kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha za pasi ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kuwa nazo. Wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo Marekani walianza kulipinga jambo hilo mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikajiondoa huko. Nakutajia haya ili ukiishika simu yako ujue kwamba unashika chombo chenye historia, na historia hiyo haijaisha kwa sababu tu mkanda umeisha. Fungua kamera ya mbele ya simu yako uangalie kama kile kipengele cha urembo kimewashwa. Katika simu nyingi kazi yake ni kulainisha ngozi na kuing'arisha. Kizimeni kabla ya jambo lolote lingine.

Sasa twende kwenye filamu zenyewe. Mwaka 1967 ilitoka In the Heat of the Night. Mpelelezi mweusi, Sidney Poitier, yuko katika mji mdogo wa Mississippi, na polisi wanamkamata kwanza kwa mauaji asiyoyajua, ndipo wanamuuliza ni nani. Mpiga picha mkuu, Haskell Wexler, aliona kwamba taa kali zilizozoeleka zinamwakia Poitier usoni, mng'ao unakuwa mwingi na sura haisomeki. Akazipunguza na kuzipanga upya kwa ajili ya uso ule. Filamu kubwa ya rangi ya Hollywood kupangiwa taa kwa kufuata uso mweusi, wakati ule, halikuwa jambo la kawaida. Na faida yake haikuwa uzuri tu. Poitier katika filamu ile anasema maneno machache anapodharauliwa; taya linakaza, macho yanatulia, basi. Lau mwanga ungempotezea taya lile, mtazamaji angebaki na Wazungu wanaopiga kelele na mtu mweusi aliyenyamaza. Kwa kuwa taya linaonekana, tunajua anachokimeza, na tunakimeza naye.

Lakini kama utatazama filamu moja tu kabla ya kurudi kwenye geti lako, itazame La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966. Haitegemei nyekundu wala buluu, ni filamu ya nyeusi na nyeupe, na sijaona bado filamu iliyotumia rangi kwa ukali kuliko hiyo.

Msichana Diouana anachukuliwa na mume na mke Wafaransa kutoka Dakar hadi Antibes, kwenye pwani ya Ufaransa. Alidhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anakuta jiko, ndoo ya kudeki na mlango uliofungwa. Tazama nyumba ile. Kuta nyeupe, jiko jeupe, bafu jeupe. Dakar alikuwa msichana miongoni mwa wasichana, mtaani, juani, na weusi wake haukuwa habari. Antibes, kila anapopita mbele ya ukuta, ndani ya fremu yeye peke yake ndiye mweusi. Yeye na kinyago. Kinyago hicho aliwapa waajiri wake zawadi alipoanza kazi. Katika nyumba yao ya Dakar kilikaa ukutani pamoja na vitu vingine vya Kiafrika. Huku Ufaransa kimetundikwa peke yake, ukuta mtupu pande zote. Kamera inakitazama kidogo, inamtazama Diouana kidogo, na hakuna haja ya mtu kueleza.

Kuna jambo dogo la mavazi humo ambalo nawaonyesha vijana wangu wote. Diouana anafanya usafi kavaa gauni lake zuri na viatu vya visigino, kama mtu anayengoja kutoka. Bibi mwenye nyumba anampa aproni, baadaye anamwamuru avue viatu. Hakuna kofi lililopigwa, lakini mstari wa mwili wake ndani ya fremu umebadilika, kawa mfupi, na gauni limefunikwa. Mwisho wake sitakueleza, ila nao umo ndani ya weupe uleule.

Sembène hakumpaka Diouana chochote ili aonekane ametengwa. Aliujenga ulimwengu uliomzunguka kwa rangi moja, akamwacha yeye alivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mvutano wa rangi katika filamu haumo katika ngozi ya mtu. Umo katika mahali, katika namna mahali palivyopangwa ili mtu fulani aonekane si wa pale.

Sasa nyekundu ya mwenzako. Nadhani ameona Do the Right Thing ya Spike Lee, ya mwaka 1989, au vipande vyake, na jicho lake halikukosea. Filamu ile imejaa nyekundu, chungwa na manjano. Ni siku moja, mtaa mmoja wa Bedford-Stuyvesant huko Brooklyn, siku ya joto kali kuliko zote za kiangazi, na duka la piza la familia yenye asili ya Italia katikati ya wateja weusi. Mpiga picha mkuu alikuwa Ernest Dickerson, na aliyesanifu mandhari ni Wynn Thomas. Walipunguza buluu na kijani kadiri walivyoweza. Kuta zilipakwa rangi. Kuna ukuta mmoja mwekundu kabisa, na mbele yake wazee watatu wamekaa kutwa wakipiga soga, kama wazee wetu barazani, wakimsema kila apitaye.

Sasa tazama vizuri: wazee wale hawana hasira. Wanacheka, wanataniana. Ukuta ni mwekundu tangu asubuhi, kabla hakujatokea ugomvi wowote. Kwa hiyo nyekundu ile si hasira ya mtu. Ni joto, lile fukuto la kaskazi tunalolijua sisi, la Februari, shati limegandamana na mgongo kabla hujafika kituo cha matatu na neno dogo la makanga linakuchoma kuliko linavyostahili. Joto halibagui, linampiga mwenye duka na mteja, polisi na mtoto. Lakini likishawabana wote pamoja, kila mmoja anatafuta wa kumlaumu, na anamtafuta kwa rangi. Bila kijani wala buluu, jicho la mtazamaji halina pa kupumzika, kwa hiyo naye anachoka, naye anakereka, hata kama hajui kwa nini. Rangi imemfanyia kazi mwilini kabla akili haijajua.

Na rangi haikuachwa peke yake. Kijana anayebeba redio kubwa, Radio Raheem, mara nyingi hupigwa kwa lenzi pana kutoka chini, fremu imelala upande, hivyo anajaa na kutisha. Ugomvi unapowaka kati yake na Sal mwenye duka, fremu inalala kwa wote wawili. Nalipenda sana hilo. Ingekuwa rahisi kumlaza mmoja na kumnyoosha mwingine, ukamwambia mtazamaji nani mbaya. Kuna pia mfululizo ambao watu wa makabila mbalimbali, Mtaliano, mweusi, Mlatino, polisi Mzungu, Mkorea, mmoja baada ya mwingine wanatukana kabila jingine wakiitazama kamera machoni, na kamera inawaendea kwa kasi. Matusi hayaendi kwa mtu mwingine ndani ya hadithi, yanakuja kwako uliyekaa kwenye kiti. Usiku polisi wanamkaba Raheem mpaka anakufa, na ule wekundu uliokuwa ukutani tangu asubuhi unakuwa moto wa kweli.

Mkipaka wekundu mwishoni mwa kazi, kwenye programu, hamtapata hata robo ya hayo. Mtapata picha ya kawaida iliyovaa miwani ya rangi.

Halafu turudi kwetu. Nyekundu Mombasa ni ya nani? Mtoto wa kike anayeolewa hupewa kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Mwambie mwenzako aende Barabara ya Biashara asimame mbele ya maduka ya leso, kisha aniambie kama anaona hasira. Na nyeupe? Ni kanzu ya Ijumaa, na ni sanda. Nyeusi ni buibui la mama yako. Rangi hazina kamusi moja ya dunia nzima, na mtu anayekupa orodha ya maana zake amekupa orodha ya kwao. Rangi hupata maana ndani ya filamu yako, kwa jinsi unavyoianzisha na kwa mtu unayemkabidhi.

Basi tusimame getini.

Kuna jambo hukuliandika katika swali lako: askari wa geti ni rangi gani? Najua jibu, nawe unalijua. Ni mweusi kama yule kijana, pengine anakaa Kisauni hukohuko, na amepewa amri na mtu ambaye hatoki nje. Usilikwepe hilo, ndiyo nyama ya hadithi yako. Mkimfanya askari kuwa mtu katili, filamu itakuwa ya mtu mmoja mwenye roho mbaya. Mkiuonyesha mpango mzima wa pale mahali, ndipo itakuwa filamu uliyoiulizia.

Na mpango huo umeandikwa kwa mwanga. Vitabu vingi vya filamu vimeandikwa kwenye nchi za baridi, kule mwanga ni neema na giza ni hatari. Hapa kwetu saa saba mchana ni kinyume. Kivuli ni mali. Angalia geti lolote la hoteli: ndani kuna minazi, makuti, kijani cha majani yanayomwagiliwa, buluu ya bwawa. Askari ana kibanda au mwavuli, yaani kapewa kipande kidogo cha kivuli kama sehemu ya mshahara. Wageni wanapita ndani ya gari lenye vioo vyeusi, wamebeba kivuli chao. Asiye na kivuli ni mmoja tu. Mpigeni picha kijana akiwa juani, jua la utosi lisilo na huruma, na mpangieni kila mtu mwingine kivuli kulingana na cheo chake. Hamtahitaji neno.

Hapa lile swali la kwanza linarudi. Pimeni mwanga kwenye shavu la kijana. Katika simu nyingi mnagusa uso wake kwenye skrini na kushikilia kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha mnakipandisha au kukishusha kidogo kwa kidole. Kikishafungwa, msikiguse. Ukuta mweupe wa hoteli utaungua, uacheni uungue. Watalii wakipita karibu yake nao watang'aa kupita kiasi, sura zao zitayeyuka kwenye weupe. Sitaki mfanye hivyo kwa kuwakomoa, hao nao ni watu, na mmoja wao anaweza hata kutabasamu na kusema jambo. Ni kwamba katika filamu hii mwanga haukupimwa kwa ajili yao. Mtazamaji ambaye maisha yake yote amezoea kinyume chake atahisi kuna kitu kimehama, hata asipojua ni nini.

Jua la utosi lina ubaya mmoja: linatia giza matundu ya macho, na Machi na Oktoba, linapopita juu kabisa ya Mombasa, ni baya zaidi. Dawa yake si taa. Ombeni kwa wauza samaki kifuniko cheupe cha lile boksi jepesi la barafu, mmoja wenu akishike chini ya kifua cha mwigizaji, nje ya fremu, kiakisi jua kuelekea usoni. Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao wake kuliko kwa kumwagiwa mwanga, kwa hiyo ipeni kitu kikubwa, cheupe na cha karibu iakisi, kutoka upande mmoja. Msimpake poda ya kuua mng'ao. Waliotengeneza Moonlight, filamu ya Barry Jenkins ya mwaka 2016 iliyopata Oscar ya filamu bora, waliacha ngozi za waigizaji zing'ae na mafuta na jasho, na mpiga picha James Laxton akautumia mng'ao huo kuchora sura. Sisi mafuta ya nazi tunayo nyumbani.

Kamera iwekeni usawa wa macho ya kijana, muda wote, hata mnapomtazama askari. Fimbo ya kizuizi cha geti ikate fremu, na kijana asivuke upande wa pili wake hata mara moja. Kwa kusubiri kwake, msikatekate picha. Katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, ile iliyompa Lupita wetu Oscar, kuna mahali mhusika mkuu amening'inizwa mtini kwa kamba, vidole vya miguu vinagusa tope kidogo tu, na mpiga picha Sean Bobbitt ameiweka kamera mbali, imetulia. Nyuma yake watu wanatoka vibandani, wanaendelea na kazi, watoto wanacheza. Inakaa, na inakaa, mpaka unaona vibaya kuendelea kutazama. Geti lenu si mti ule, sifananishi mateso. Lakini namna ya kumfanya mtazamaji asubiri ni ileile: mwacheni asubiri kweli. Dakika nzima bila kukata. Gari lipite. Jingine lipite. Askari asogeze kiti kufuata kivuli.

Na nyekundu ya mwenzako nimemwekea mahali. Kijana amebeba chakula cha dadake. Bakuli lifungwe ndani ya leso, kisutu ya mama yao, na isiwepo nyekundu nyingine popote katika filamu nzima, si kwenye matatu, si kwenye kofia, si kwenye bango. Tuione kwanza nyumbani, mkono wa mama unafunga fundo. Kisha ije getini, mbele ya ukuta ule mweupe. Askari aifungue kwa ncha ya rungu. Hapo pigeni picha kwa karibu kabisa, lenzi imeijaza fremu kwa leso, rungu na fundo linalolegea. Huyo mtazamaji wa Majengo au Likoni, aliyeona leso ile ikifungwa, hatahitaji kuambiwa kilichoguswa ni nini.

Geti jengeni wenyewe, mapipa mawili na mti uliopakwa rangi vinatosha, na ulizieni kibali mapema. Msiende kwenye hoteli ya kweli.

Mkirudi kwenye programu ya kuhariri, anzeni na ngozi ya kijana, iwe kama mnavyoijua mnapokaa naye, kisha vingine vyote vifuate. Lakini msitegemee kwamba kilichopotea kitaokolewa huko. Baada ya yule mama kuniuliza lile swali, niliichukua kanda, nikakaa siku tatu mbele ya kompyuta nikimtafuta bibi. Nilipandisha mwanga, nikapunguza, nikapandisha tena fremu moja baada ya nyingine. Bi harusi akawa karatasi nyeupe. Pale alipokuwa bibi zikatokea chengachenga za kijivu zinazotembea, na katikati yake miwani.